Kuvusha magogo kijitoni: daraja la muda, kalvati, kivuko cha mawe, au usivuke kabisa?

Mkishaelewana bei ya miti na mnunuzi, swali linalofuata huulizwa kama jambo dogo: "Hapa tuvukie wapi?" Mtu wa mashine ananyoosha kidole kwenye ukingo ulio karibu, wewe mwenye msitu unatikisa kichwa kukubali, na habari ya maji imekwisha. Yote yatakayofuata baadaye, nyasi za kupanda, mawe ya kumwaga, lawama za wanaochota maji upande wa chini, yatakuwa ni kuhangaika na ule uamuzi wa nusu dakika.

Msumeno wenyewe hautibui maji. Mti ukiangushwa mbali na ukingo na matawi yake yakabaki nchi kavu, kijito hakina habari. Kinachokitibua ni gurudumu, mnyororo na mkia wa gogo linaloburutwa, hasa pale njia ya kuburutia inaposhuka hadi majini. Kwa hiyo anayetaka kulinda maji ya msitu wake asianze na orodha ndefu ya masharti. Aanze na kivuko.

Kuna jaribio la zamani ambalo mimi humsimulia kila mwenye msitu aliye tayari kunisikiliza. Katika msitu wa utafiti wa Fernow, West Virginia, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti waliyavuna mabonde madogo yaliyo jirani, kila bonde kwa namna yake, kisha wakapima jinsi maji yalivyotibuka. Bonde ambalo mvunaji aliachiwa ajichagulie njia lilifikia kilele cha vipimo 56,000 vya kutibuka, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tope linavyozidi. Bonde lililovunwa kwa uangalifu, njia zikiwa zimepangwa mapema na kuwekwa mbali na maji, halikuzidi 25. Lile ambalo halikuguswa kabisa lilifika 15. Ni kweli kwamba wingi wa miti iliyokatwa haukuwa sawa, na mtu mbishi ataling'ang'ania hilo. Lakini pengo la 56,000 na 25 haliletwi na idadi ya visiki tu. Linaletwa na mahali mashine ilipopita.

Kwanza, kuna ulazima wa kuvuka?

Wengi huruka swali hili kwa sababu kijito kinaonekana chembamba na miti mizuri iko ng'ambo. Kabla ya kulinganisha daraja na kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, tembea mpaka wote wa msitu ukiwa na ramani mkononi. Je, ile sehemu ya ng'ambo inaweza kutolewa kwa kupitia upande wake yenyewe, hata kama njia ni ndefu zaidi? Je, jirani ana barabara ambayo mnaweza kuandikiana aikodishe kwa msimu mmoja? Je, winchi ya trekta inaweza kuyafikia magogo kwa waya wake, trekta ikabaki juu mahali pakavu na gogo likapanda kuifuata, badala ya trekta kulifuata gogo bondeni?

Hapo pa winchi kuna mtego. Kuvuta gogo kwa waya kukatisha kijito, gogo likilala chini, ni kulima kijito. Waya unafaa kuvusha kitu juu ya maji endapo tu gogo linaning'inia hewani, na hiyo ni kazi ya mitambo ya waya za juu, kwa wenye miti ya kutosha kuilipia. Kwa msitu mdogo, winchi ni ya kuvutia magogo kuelekea juu, mbali na maji. Haifanyi kazi ya daraja.

Ukipiga hesabu, weka gharama ya njia ndefu kwenye mizani moja na gharama yote ya kivuko: kukijenga, kukitunza, kukiondoa, kupanda nyasi kingo zote mbili, na kibali kama sheria ya mahali inakidai. Nimeona mara nyingi njia ndefu ikishinda. Mtu wa mashine hatakwambia, kwa sababu yeye huhesabu saa za kuburuta, na hesabu ya kijito si yake.

Ikibidi kuvuka, vuka mara moja, mahali pamoja, kwa pembe mraba na mkondo, penye kingo ngumu na za chini. Vivuko viwili "kwa urahisi wa kazi" ni tope mara mbili.

Siku ya kujenga

Hapa ndipo njia tatu hizi zinaachana waziwazi.

Daraja la muda ni vipande vya mbao nene zilizounganishwa, au vya chuma, vitatu au vinne, kila kimoja kikiwa na upana wa mita moja na kidogo. Huletwa kwa lori. Mashine inalaza gogo moja kila ukingo, nyuma kidogo ya mdomo wa ukingo, kisha inaviinua vipande kimoja kimoja na kuvilaza juu ya magogo hayo. Kama opereta ni mzoefu na kingo ni imara, ni kazi ya saa chache, na hakuna anayelowa miguu. Ukikaa umetazama maji wakati wote huo, utaona labda majani mawili matatu yakianguka. Hayo ndiyo yote.

Kalvati ni kinyume chake. Ili bomba likae vizuri ni lazima lilale kwenye mteremko ule ule wa kijito, si juu yake wala chini yake, na hiyo ina maana ya ekskaveta kuchimba kitako cha kijito chenyewe. Kisha linafunikwa kwa udongo, kina cha sentimita 30 kwa uchache, na kwa mabomba makubwa nusu ya kipenyo chake, ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Kila ndoo ya udongo inayomwagwa hapo inamwagwa majini. Mkandarasi makini hugeuza maji pembeni kwanza au husubiri kijito kikauke. Asiye makini huanza saa mbili asubuhi, na saa tatu wa chini wanaulizana nani anaogesha ng'ombe huko juu.

Kivuko cha mawe hakihitaji kitu kama kijito chenyewe kina kitako cha mwamba au changarawe ngumu na kingo zake ziko chini. Hapo unamwaga kokoto kwenye miteremko ya kuingilia na kutokea, basi. Lakini kama inabidi kuzikata kingo ili lori lishuke, umeshajenga mteremko wa udongo mbichi unaoelekeza maji ya mvua kijitoni, na kitako kikiwa laini, mawe utakayoyamwaga yatazama, utaongeza, yatazama tena. Kivuko cha mawe hupewa na asili. Ukianza kukitengeneza kwa nguvu, ujue ulipaswa kuwa na daraja.

Siku za kazi

Kwenye kalvati, wakati wa kazi ndio wakati wake mzuri. Udongo uliofunika bomba ukiwa wa kutosha, lori linapita, trekta inapita, gogo linaburutwa juu, na bomba halitikisiki. Kwa barabara ambayo itatumika miaka na miaka hakuna kinachoishinda kwa utulivu.

Daraja la muda lina kasoro mbili. Ya kwanza ni uzito. Lori lililojaa magogo linaweza kuzidi tani 30, na daraja linalobeba trekta ya kuburuta si lazima limudu lori hilo. Usikubali jibu la "litabeba tu". Aliyelitengeneza au anayelikodisha aandike tani kwenye karatasi. Kasoro ya pili ni ndogo, ila nakuomba uinamie uione: matairi yanakuja na tope kutoka njiani, yanalibandua juu ya mbao, na kila trekta ikipita, madonge yanapenya kwenye mwanya ulio kati ya kipande na kipande na kudondoka majini, tope tope tope, kama mtu anayekamua matambara. Kwa siku nzima hayo si machache. Dawa yake ni fagio, koleo, na ubao wa kuziba mwanya. Mtu mmoja, mara mbili kwa siku. Kazi hii isipoandikwa kwenye mkataba haifanywi na yeyote.

Kwenye kivuko cha mawe, kijito hulipia kila safari. Lori likipita mara mbili kwa siku kwenye mwamba, kijito huvumilia: wingu la tope hutokea na kutulia. Lakini kuburuta magogo kupitia kivuko, hapana. Ncha ya nyuma ya gogo hufanya kazi ya jembe. Safari ya kwanza inachora mstari, ya kumi inakuwa mfereji, na mfereji huo unaanzia juu ya mteremko na kuishia katikati ya maji. Tena mashine yenye bomba la hidroliki linalovuja huosha mafuta yake moja kwa moja kijitoni. Kivuko cha mawe ni cha magurudumu yasiyovuta kitu, na safari za kuhesabika.

Kuna njia ya nne ambayo watu wa kazi huipenda kwa sababu haina gharama: kulaza magogo madogo ndani ya kijito, yakifuata mkondo, mpaka mwanya ujae, kisha kupita juu. Kwenye korongo kavu ambalo hupata maji siku ya mvua tu, na kwa sharti la kuyatoa yote kazi ikiisha, sikatai. Kwenye kijito chenye maji, hiyo ni bwawa linalosubiri kupasuka.

Usiku wa mvua

Ulinganisho wa kweli hufanyika usiku, mvua ikinyesha na mashine zimeegeshwa.

Kalvati huuawa na vitu viwili: udogo na matawi. Msitu unaovunwa umejaa matawi yaliyolegea, na maji ya mafuriko huyakusanya na kuyaleta mdomoni mwa bomba. Tawi moja linakwama mlalo, majani yanajishika kwake, na baada ya saa moja bomba lina kizibo. Maji yanapanda nyuma ya tuta, yanapata mahali pa chini barabarani, yanapita juu. Yakishaanza kupita juu hayaachi. Yanakata udongo wa kufunikia, na kufikia alfajiri tuta zima, malori kadhaa ya udongo, liko chini huko mtoni. Daraja likiharibika umepoteza daraja. Kalvati ikiharibika umekimwagia kijito barabara.

Kwa sababu hiyo bomba lisinunuliwe kwa kuangalia kijito kilivyo siku ya kiangazi. Angalia alama za mafuriko kwenye kingo: majani yaliyonasa kwenye vichaka, mizizi iliyooshwa. Bomba lenye kipenyo mara mbili lina mlango wa maji mara nne, na ongezeko la bei yake ni dogo ukilinganisha na kujenga upya. Kisha kumbuka kwamba msitu uliokatwa hauyanywi tena maji kama zamani. Huko Hubbard Brook, msitu mwingine wa utafiti, New Hampshire, Marekani, bonde moja dogo lilikatwa miti yote mwishoni mwa 1965, kisha machipukizi yakazuiwa kwa dawa. Mwaka wa vipimo uliofuata, maji yaliyotoka bondeni yaliongezeka kwa asilimia 39 kuliko yalivyotarajiwa. Uvunaji wa kawaida haufiki ukali huo. Hata hivyo bomba lililopimwa kwa kijito cha jana linaweza kukutana na kijito kingine kesho.

Daraja la muda likiwekwa juu ya alama ya mafuriko halina habari na usiku huo. Hatari yake ni kuinuliwa likaelea. Funga upande mmoja tu kwa mnyororo kwenye mti imara: maji yakilishinda, litazunguka kama mlango na kulala kando ya ukingo, nawe utalikuta asubuhi. Ukifunga pande zote mbili, litakuwa bwawa.

Kivuko cha mawe ndicho kinacholala usingizi. Mafuriko yanapita juu yake na kuondoka, hakuna cha kuziba wala cha kubomoka. Ila kesho yake huvuki, na kesho kutwa pengine pia. Mkandarasi anayelipwa kwa mzigo hapendi kusubiri, na huo ndio wakati anapoingia majini hata hivyo.

Mita 15 za kabla ya kivuko

Ningekuwa na pesa za kulinda kitu kimoja tu, nisingeziweka kwenye kivuko chenyewe. Ningeziweka kwenye mita 15 za kila upande wake. Daraja zuri lililo mwisho wa mteremko wa udongo wazi ni mfereji wenye dari.

Kwanza, maji yanayoteremka na njia yatolewe nje kabla hayajafika. Tuta la mshazari, pembe ya nyuzi 30 hivi, linayageuza kwenda kwenye majani na takataka za msituni ambako yanaacha tope lake. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo matuta yanavyokaribiana: mteremko wa asilimia 5, tuta kila mita 40 hivi, asilimia 10, kila mita 25, asilimia 20, kila mita 14. Matuta haya ni ya njia iliyokwisha kufungwa au inayopitwa kwa nadra. Kwenye barabara ambayo malori bado yanapita, yanasagwa wiki moja tu. Huko unahitaji mbonyeo mpana, ule ambao dereva anaupita bila kubadilisha gia.

Pili, ardhi ifunikwe. Kokoto juu ya kitambaa cha kutenganisha udongo ni bora pale lori linapopita. Pale trekta inapoburuta, matawi uliyo nayo bure yanatosha: yalaze kwenye njia, yawe mazito, yakandamizwe na matairi yenyewe. Yakishasagika ongeza mengine. Nimewahi kuona njia mbili zinazoshuka kijito kimoja, moja ikiwa na zulia la matawi na nyingine haina. Baada ya mvua, ya kwanza ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi. Ya pili ilikuwa chai ya maziwa.

Tatu, njia zote ambazo haziendi kwenye kivuko zikae mbali na maji. Umbali gani? Kanuni ya zamani ya kaskazini mashariki mwa Marekani bado ni rahisi kuikumbuka: mita 8 hivi, ongeza sentimita 60 kwa kila asilimia moja ya mteremko, na kama maji hayo yananywewa, zidisha yote kwa mbili. Mteremko wa asilimia 30 unakupa mita 26, au 52 kwa maji ya kunywa. Ndani ya ukanda huo miti inaweza kuvunwa kidogo, ukiacha kivuli cha kutosha ili maji yasipate joto, lakini magurudumu hayaingii, wala uwanja wa kurundikia magogo haukai humo, wala mafuta hayajazwi humo.

Siku ya kuondoka, na karatasi

Daraja la muda linaondoka kama lilivyokuja. Unalifagia, unaliinua, unavuta magogo ya kulalia, unapanda nyasi na kutandaza majani makavu. Likiwa la kukodi, mwenyewe atalifuata, maana kila siku linapokaa kwako haliingizi kwingine. Faida hiyo ya kibinadamu haitajwi kwenye vitabu lakini naipenda kuliko zote.

Kalvati ya muda inapaswa kufukuliwa, udongo wote ubebwe mbali na kingo zirudishiwe upana wake wa awali. Ni siku ya tope kama ile ya kujenga. Basi nini hutokea? Ekskaveta imeshahamia msitu mwingine, malipo yameshatolewa, na bomba linabaki. Miaka mitatu baadaye maji yamechimba shimo chini ya mdomo wake wa kutokea, bomba linaning'inia, na samaki hawawezi tena kupanda. Kalvati ya muda isiyoondolewa ni kalvati ya kudumu isiyotunzwa.

Kwa hiyo mkataba useme mambo machache na useme wazi: kivuko ni cha aina gani na kiko wapi, kwa alama ya rangi kwenye miti, nani atakitoa na kufikia lini, mwenye msitu ana haki ya kusimamisha kazi, kwa mfano matairi yakianza kuacha mifereji inayozidi kina cha sentimita 15, na sehemu ya fedha inabaki mikononi mwa mtu wa tatu mpaka kingo zikaguliwe. Bila kipengele hiki cha mwisho, vingine vyote ni maombi.

Ningechagua nini

Uvunaji wa msimu mmoja, kijito chenye maji mwaka mzima, upana usiozidi urefu wa daraja linalopatikana: daraja la muda, bila kubishana, hata kama kodi yake inaonekana kubwa siku ya kwanza. Ligawe kwa misitu miwili au mitatu ya majirani wanaovuna mwaka huo huo na bei inashuka.

Barabara ambayo wewe mwenyewe utaitumia baada ya kuvuna, na ukiwa tayari kwenda kuitazama kila baada ya mvua kubwa ukiwa na koleo na panga: kalvati, saizi moja juu ya ile uliyoshauriwa. Ukiwa unaishi mbali na msitu, rudi kwenye daraja.

Mwamba wazi, kingo za chini, malori machache ya kiangazi, hakuna kuburuta: kivuko cha mawe. Masharti hayo manne yakipungua hata moja, usikichague.

Na vyovyote utakavyochagua, nunua chupa mbili za plastiki zisizo na rangi. Asubuhi baada ya mvua, kabla mashine hazijawashwa, jaza moja juu ya kivuko na nyingine mita 50 chini yake, zisimamishe bega kwa bega kwenye boneti ya gari, umwite mkandarasi. Zikifanana, mpe mkono kazi iendelee. Zikitofautiana, mwache azitazame kwanza yeye mwenyewe kabla hujafungua mdomo.